Jinsi ya kutumia ‘yet’ bila kupotezwa na ‘bado’

Kamusi nyingi hutafsiri ‘yet’ kuwa ‘bado’, na hapo ndipo makosa huanzia. ‘Bado’ yetu hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa: jambo ambalo halijatokea ni la ‘yet’, na jambo linaloendelea ni la ‘still’. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, tazama kitenzi kinachofuata ‘bado’. ‘Bado hajafika’ ina -ja-, basi ni ‘He hasn't arrived yet’. ‘Bado amelala’ haina, basi ni ‘He is still asleep’.

Sentensi ya ‘yet’ hujengwa hivi: ‘have’ au ‘has’, kisha ‘not’, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu (‘eaten’, ‘gone’, ‘written’), na ‘yet’ mwishoni kabisa. ‘I have not written the letter yet.’ Katika maandishi rasmi linaweza kusogezwa hadi baada tu ya ‘not’: ‘The results have not yet been announced.’ Usilibane kati ya kitenzi na yambwa, kama ‘I haven't written yet the letter’. Wamarekani wakiongea husema pia ‘I didn't eat yet’, lakini kwenye mtihani wa Kiingereza cha Uingereza usijaribu.

Majibu mafupi ndiyo huumbua watu. Ukiulizwa kama umekula, kwa Kiswahili ‘Bado’ yatosha. Kwa Kiingereza jibu ni ‘Not yet’, na hiyo ‘not’ haiachwi hata kidogo. Swali likija kwa kukanusha, mtego ni mkubwa zaidi. ‘Haven't you eaten yet?’ Sisi hujibu ‘Ndiyo, bado’, maana tunakubaliana na kauli ya muulizaji. Kiingereza hutazama kitendo chenyewe: hukula, basi ‘No, not yet’. Ukijibu ‘Yes’, utaonekana umeshashiba na sahani haitaletwa.

Jambo ambalo kamusi halisemi: ‘yet’ lina matarajio ndani yake. Anayesema ‘I haven't stolen anything yet’ ametangaza kwamba wizi uko njiani. Ukitaka kusema hujawahi kuiba, tumia ‘never’: ‘I have never stolen anything.’ Matarajio hayo hayo hutenganisha maswali mawili yanayofanana. ‘Has she arrived yet?’ huuliza habari za mtu anayesubiriwa. ‘Has she arrived already?’ ni mshangao, kama ‘Kumbe ameshafika?’

Je, ‘still’ haiendi kamwe na ukanushaji? Huenda, ila huongeza lawama. ‘He hasn't paid yet’ ni taarifa tu. ‘He still hasn't paid’ ni ya mdai aliyechoka kusubiri, na ‘still’ hutangulia ‘hasn't’.

Kuna muundo ‘have yet to’, unaopendwa na magazeti: ‘They have yet to reply’, yaani hawajajibu. Ukanushaji umo ndani tayari, kwa hiyo ukiongeza ‘not’ unaharibu.

‘Yet’ pia ni kiunganishi, kwa maana ya ‘lakini hata hivyo’. Lina nguvu kuliko ‘but’, kwa sababu linaonyesha kwamba sehemu ya pili haikutazamiwa: ‘He trained for months, yet he lost.’ Weka mkato kabla yake linapounganisha sentensi mbili kamili. Kati ya sifa mbili, kama ‘simple yet effective’, mkato hauhitajiki. Kiswahili kinaruhusu ‘ingawa… lakini’, na mazoea hayo huzaa ‘Although he was tired, yet he worked’. Chagua kimoja: ‘although’ peke yake, au ‘yet’ peke yake. ‘And yet’ ni sahihi.

Matumizi yaliyobaki ni machache. ‘Yet another meeting’ ni mkutano mwingine tena, na msemaji ameshachoshwa nayo. ‘She may yet win’ humaanisha huenda akashinda, usimkatie tamaa. Na ‘her best song yet’ ni wimbo wake bora kuliko yote mpaka sasa. Usiitafsiri kwa ‘bado’, kwani hapo ‘bado’ haina nafasi kabisa.