Kutoka Owino hadi fiodi za Svalbard

Ukitaka kutalii Svalbard kwa meli, anza na viza. Svalbard ni visiwa vya Norwei huko Aktiki, kaskazini kabisa, lakini haimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ndege za kwenda Longyearbyen, mji wake mkuu, hupitia Oslo au Tromsø, Norwei bara. Omba viza ya kuingia mara mbili, la sivyo utashindwa kurudi.

Nguo nilizipata Owino, soko la mitumba la Kampala. Usiguse pamba: ikilowa haikauki, nayo baridi inakuingia mifupani. Tafuta sufu ya kuvaa ndani, sweta, halafu koti lisilopitisha maji. Koti langu lilikuwa na mbegu za nyasi zimenasa kwenye velkro, vile vibandiko vya kunata vya mikono ya koti. Nilikaa barazani hapa Bombo nikizichomoa kwa sindano, mjukuu wangu akinicheka. Lakini melini hukagua hayo hayo, maana mbegu ngeni haitakiwi kule, na viatu husafishwa kabla ya kushuka.

Kushuka ni kwa boti ya mpira. Mpe baharia mkono, mshikane kwenye vifundo vya mikono, si viganja, viganja huteleza. Kaa ukingoni kwanza, kisha sogea. Betri ya kamera iweke kifuani, baridi huimaliza upesi.

Nunua darubini. Tangu 2025 sheria inataka mita 300 kati yako na dubu mweupe, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni.

Kiangazi jua halizami. Waislamu wenzangu, amueni mapema mtasali kwa saa za wapi. Mimi nilifuata Makka.