Jifunze kucheza joropo: anza na masikio, miguu baadaye

Joropo ni muziki na dansi ya Wallanero, wafugaji wa ng'ombe wa nyanda za Llanos, Venezuela na Kolombia. Wengi wanaoanza hukimbilia kupiga miguu kwa kishindo. Jasho linawatoka, joropo haionekani.

1. Sikiliza. Tafuta rekodi yenye kinubi, kuatro (gitaa dogo la nyuzi nne) na manyanga. Hesabu moja hadi sita, haraka. Piga makofi kwenye 1, 3 na 5. Ukishazoea, hamia 1 na 4. Mahesabu yote mawili yanakwenda pamoja wimbo mzima, na utamu wenyewe umo humo. Usiguse hatua ya pili mpaka uweze kuhama huku na huku bila kupotea. Tumia pasaje, nyimbo za mwendo wa taratibu. Pajarillo, aina nyingine ya joropo, ina kasi, iache kwanza.

2. Valseo. Shikaneni karibu, mkizunguka kwa hatua tatu fupi. Magoti yalegee kidogo, nyayo zisiachane na sakafu. Jitazame kwenye kioo: kichwa kikipanda na kushuka, unarukaruka.

3. Escobillao. Achianeni mwili, mbaki mmeshikana mikono. Nyayo zinasugua sakafu kwa zamu, mbele na nyuma, kama mtu anayefagia uwanja kwa haraka. Unatakiwa usikie mkwaruzo tu. Ukisikia kugonga, umenyanyua mguu mno.

4. Zapateo. Sasa ndiyo kishindo. Kwa desturi mwanamume hukanyaga kwa wayo mzima huku mwanamke akiendelea na escobillao. Lakini msianze mnapojisikia tu: subirini kinubi kianze kuunguruma kwa nyuzi nene, hapo ndipo mnapoitwa. Kifua kitulie, kazi yote iwe chini ya kiuno. Wallanero huvaa kotiza, ndala zao za kienyeji. Wewe tafuta kiatu chepesi chenye soli inayoteleza, maana raba hung'ang'ania sakafu na goti ndilo linaloumia. Saruji nayo siipendekezi kwa zapateo. Sakafu ya mbao ni bora zaidi.

5. Mizunguko. Anayeongoza huinua mkono mapema kidogo, kabla hesabu haijarudi kwenye moja, ili mwenzake awe na nafasi ya kupita chini yake. Asimvute. Mkono ukichelewa, bora mrudi kwenye valseo na kusubiri duru inayofuata.