Umeambiwa "umenenepa" China? Fanya hivi kabla hujaanza kulia

Siku ya tatu tangu nifike Hangzhou, yule ayi wa mapokezi hosteli (ayi ni kama kusema mama mdogo, ndo unavyomwita mwanamke yeyote wa umri ule) kaniangalia juu mpaka chini afu kasema kitu huku anacheka, nikamuuliza kaka mmoja Mkongo aliyenitangulia mwaka mmoja, akaniambia "anasema we mnene ila unapendeza". Mi nilikua na kilo 66, urefu sentimita 165, nyumbani Tanga watu wananiambia kula mwanangu utapeperuka na upepo. Usiku ule nililia, siwafichi. Nimekaa miaka minne, sa ntawaambia nilichojifunza, hasa nyie mnaojiandaa kwenda.

Cha kwanza kabisa, jifunze sentensi mbili kabla hata ya kujifunza kuagiza chakula: "ni pang le" maana yake umenenepa, na "ni shou le" umekonda. Utazisikia kila ukitoka likizo. Wao kwa wao wanaambiana hivyo hivyo, shangazi mtu anamwambia binti wa ndugu yake mezani mbele ya wageni na chakula kinaendelea. Na tusijifanye, maana hata sisi si tunamsalimia mtu "mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Tofauti ni kwamba kwetu ukiambiwa umenawiri unashukuru, kule unene haumpi mtu sifa.

Kwa hiyo usiangalie neno, angalia anachofanya mtu baada ya kulisema. Ayi wa kantini akisema ni pang le afu anakuongezea wali, hiyo ni salamu, we cheka kula. Dereva wa teksi akiuliza "ni duo zhong", yaani una kilo ngapi, huyo ana udadisi tu na hapo hapo atakuuliza mshahara wako. Ila mtu anakupiga picha kwa kuibia afu anawaonyesha wenzie wanacheka, hapo hamna salamu, una haki ya kukasirika na kumwambia afute.

Majibu ya kuweka mfukoni. "Wo hen jiankang", nina afya njema, hiyo inamaliza mazungumzo kistaarabu. Lakini silaha yangu mimi ni "huan fei yan shou". Hayo ni maneno yao wenyewe ya zamani kuhusu warembo wawili wa historia yao, Yang Yuhuan wa enzi ya Tang aliyekua mnene na Zhao Feiyan wa enzi ya Han aliyekua mwembamba, na wote walisifiwa kwa uzuri. Siku nilipomjibu ayi hivyo alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa ananiita Guifei, ndo cheo cha yule Yang. Ukifika Xi'an nenda makumbusho ukaone vile vinyago vya udongo vya wanawake wa Tang, mashavu hayo! Nilijiona nipo kwa mabibi zangu.

Sasa namba, maana hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Uzito kule wanautaja kwa jin, na jin moja ni nusu kilo, so kilo 66 zangu ni jin 132. Kuna msemo wa mjini kwamba mwanamke mzuri hazidi mia, yaani jin 100, yaani kilo 50!! Mwaka 2016 wasichana walikua wanaposti picha wameshika karatasi ya A4 kwa wima kuonyesha kiuno hakitokezi pembeni, na karatasi hiyo ina upana wa sentimita 21. Ukijipima kwa vipimo hivyo utaacha kula, na nimeona dada zetu wameacha kweli, wanaishi kwa tango na chai.

Na hata hospitali usishtuke. Kwenye vipimo vya kibali cha kukaa niliambiwa nimezidi uzito, nikapiga hesabu ya BMI (kilo zako ugawanye kwa urefu wako wa mita uliouzidisha kwa wenyewe), nikapata 24.2. Kumbe China uzito uliozidi unaanzia 24 na unene uliopitiliza 28, wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema 25 na 30. Wenyewe wameshusha kwa sababu Waasia wengi wanapata kisukari na presha kwenye uzito mdogo kuliko watu wengine. Kwa hiyo mwili wangu haukubadilika, nilivuka mpaka tu. Ila kama daktari anakuonyesha sukari au presha imepanda, hapo msikilize, usije ukasema anakubagua.

Nguo: herufi za XL zisikuumize roho, soma kile kijilebo cha 165/88A, namba ya kwanza ni urefu, ya pili kifua (kwenye suruali ni kiuno), na herufi inaonyesha tofauti ya kifua na kiuno. Taobao, yaani lile duka lao la mtandaoni, tafuta neno "dama", yaani saizi kubwa, na wauzaji wengi wanaweka jedwali la uzito kwa jin, usijaze kilo ukadhani ndo zenyewe, mi niliwahi kuletewa suruali ya mtoto wa shule.

Afu kuna lile swali la "Afrika kuna chakula?", eti mbona we mnene. Mwanzoni nilikua nagombana, siku hizi namwalika mtu nampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nazi inapatikana. Na sisi pia tuache kusema Wachina wote wembamba, panda treni uende Dongbei, kaskazini mashariki ya China, uone mababa wa huko.

Kazi ngumu zaidi ni simu ya nyumbani. Ukipungua kilo tatu kwa kutembea tu, shangazi anakuona kwenye video anaanza "mwanangu huko hamli?", na majirani washajua maisha yamekushinda. Mi napiga simu nikiwa mezani, kamera naielekeza kwenye sahani kwanza, uso baadaye.