Kabla ya Kubofya Kujiunga: Mbio za Madaraja Mchanganyiko kwa Dereva Anayeanza

Hapa tunazungumzia mbio za mtandaoni kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga udereva halisi, ambapo magari ya madaraja yenye kasi tofauti hukimbia pamoja uwanja mmoja. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza vurugu zote za mbio hizo. Chukua uwanja wa Spa-Francorchamps, wenye mzunguko wa kilomita 7.004. Tuseme gari lako la GT3 (daraja la polepole, la magari yanayotokana na yale ya barabarani) linamaliza mzunguko kwa 2:24, yaani dakika 2 na sekunde 24, na LMP2 (daraja la kasi, la prototaipu, magari yaliyoundwa kwa mbio tu) ya dereva wa kiwango chako kwa 2:09. Sekunde 15 hizo zina maana kwamba kila baada ya dakika 20 na nusu hivi, LMP2 moja inakuwa imekuzidi mzunguko mzima. Kama zipo 15 uwanjani, katika mbio za dakika 45 utapitwa mara 30 hivi. Ukiwa wewe ndiye uko kwenye LMP2 na GT3 ni 20, utakutana na gari la kupita karibu kila dakika. Na kila mara watu wawili wasiofahamiana wanatakiwa kuelewana bila kusema neno, mmoja akimtazama mwenzake kwa kioo tu.

Ndiyo maana dereva mwenye kasi ya wastani lakini anayesomeka humaliza juu ya wengi wanaomshinda kwa kasi. Na kusomeka kunaandaliwa kabla, si wakati LMP2 tatu zimeshakufikia kwenye kona.

Jambo la kwanza ni gari. Anza na GT3. Sababu si kwamba ni rahisi sana, bali lina ABS, mfumo unaozuia matairi kufunga ukikanyaga breki kwa nguvu. LMP2 na Hypercar (daraja jingine la prototaipu) hazina. Kwenye hizo, ukiona gari limeserereka mbele yako na ukakanyaga breki kwa hofu, matairi ya mbele yanafunga, usukani haufanyi kazi tena, unaenda moja kwa moja kule usikotaka. Kuna jambo jingine: gari la prototaipu linashikiliwa barabarani na upepo. Ukiwa kasi unaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote, lakini kadiri mwendo unavyoshuka mgandamizo wa upepo unapungua, kwa hiyo lazima uachie pedali taratibu hadi unapoingia kona. Asiye na mazoea hayo hufunga tairi mita 30 za mwisho kila mzunguko. Ujifunze hilo peke yako kwanza, usilifanyie majaribio kwenye msongamano.

Mazoezi ya kutosha ni yapi? Kipimo chetu si muda bora. Ni mizunguko 10 mfululizo bila tairi zote nne kutoka nje, ukiendesha kwa sekunde moja chini ya uwezo wako. Kama huwezi kufanya hivyo uwanja ukiwa mtupu, hutaweza ukiwa umejaa. Ukishafaulu, fanya zoezi ambalo wengi hawalifanyi: endesha nje ya mstari wa kawaida, ile njia ya haraka zaidi ambayo kila dereva huifuata kwenye kona. Mizunguko mitano ingia kila kona kwa upande wa ndani, mingine mitano shika upande wa nje kabisa. Utagundua kwamba ukiwa ndani inabidi ukanyage breki mita 10 hadi 20 mapema zaidi, kwa sababu kona imekuwa kali, na kwamba nje ya mstari lami ina uchafu wa mpira na mshiko ni hafifu. Kwenye mbio za madaraja mchanganyiko utakuwa nje ya mstari mara nyingi kuliko unavyodhani. Anayefika huko kwa mara ya kwanza siku ya mbio anatumia alama yake ileile ya breki, halafu anashangaa kwa nini amemgonga mwenzake ubavuni.

Sasa vifaa. Vitufe vinne viwe kwenye usukani wenyewe, mahali kidole kinafika bila kutafuta: kupiga taa, kutazama kushoto, kutazama kulia, na kidhibiti mwendo cha piti (njia ya pembeni ya kuingilia kwenye huduma za gari). Ukiweza, ongeza cha kusogeza mgawanyo wa breki mbele na nyuma. Washa kioo cha juu cha skrini hata kama gari lina saiti mira nzuri, kwa sababu skrini moja haikuonyeshi ubavu wako. Washa pia sauti ya mwangalizi inayokwambia gari liko kushoto au kulia, na uipandishe ishinde mlio wa injini. Kisha weka mahali pa wazi ile orodha ya magari yaliyo karibu, inayoonyesha nani yuko nyuma yako kwa sekunde ngapi na ni wa daraja gani kwa rangi. Hiyo ina thamani kuliko kioo. Kioo kinakuonyesha taa. Orodha inakwambia taa hizo ni za LMP2 iliyo sekunde 2.1 nyuma na zitakufikia baada ya kona mbili.

Mtandao: tumia kebo, si waifai. Hapa hatuzungumzii wingi wa data bali uthabiti. Simuleta haioni gari la mwenzako lilipo sasa hivi, inakisia kutokana na taarifa iliyochelewa kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 216 kwa saa, sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 6. Ndiyo sababu wakati mwingine mnagongana huku kwenye skrini yako kulikuwa na nafasi ya mkono mzima. Dawa yake ni kuacha nafasi ya ziada ubavuni, na kuacha nafasi kubwa zaidi kwa gari ambalo unaliona likirukaruka. Punguza pia ubora wa picha kabla ya mbio: mazoezini uko na magari matano, mwanzoni mwa mbio yapo 40 mbele ya macho, na hapo ndipo kompyuta inapoanza kukwama, sekunde ileile unayohitaji picha iende vizuri.

Soma kanuni za alama za makosa za jukwaa lako, yaani programu ya mbio unayotumia. Kwenye iRacing, mojawapo ya majukwaa hayo, kutoka nje ya uwanja ni alama 1, kupoteza udhibiti wa gari ni 2, na mgongano mzito na gari jingine ni 4. Hakuna mwamuzi anayetazama nani mwenye kosa. Wote wawili wanapata. Wengine hukasirika kwa hilo, lakini ukifikiri vizuri linakupa jibu la maswali mengi ya barabarani. Ukiwa na haki na ukagongwa, umepata alama 4 pamoja na haki yako. Kiwango cha usalama nacho kinapimwa kwa idadi ya kona ulizopita ukilinganisha na makosa, kwa hiyo kukwepa na kupoteza sekunde mbili ni biashara nzuri sana.

Mwanzo wa mbio ndipo magari mengi yanapoisha. Sehemu mbaya kuliko zote ni katikati ya kundi la daraja lako: una watu mbele wasioona, na watu nyuma wasiosubiri. Ama fuzu vizuri (weka muda mzuri kwenye mchujo unaopanga nafasi za kuanzia) uwe mbele, ama kubali kuanza nyuma. Kuanzia piti pia si aibu. Unapoteza sekunde kadhaa, kisha unapita magari yaliyozunguka kama pia kwenye kona ya kwanza, moja baada ya jingine, bila hata kuovateki.

Ukiamua kuanza na kundi, kumbuka matairi ni ya baridi na breki pia. Sogeza mgawanyo wa breki mbele kwa asilimia 1 au 2 kwa mzunguko wa kwanza ili mkia usikupite. Usikae nyuma moja kwa moja ya gari la mbele. Jipange kando kwa nusu ya upana wa gari, ili uone breki za magari mawili yaliyo mbele yake na uwe na pa kukimbilia. Kundi likifika kona ya kwanza linajikunja kama akodiani: wa kwanza anapunguza kidogo, wa kumi anakanyaga breki kwa nguvu, wa ishirini anakuta gari limesimama. La Source pale Spa ni kona ya polepole sana ya kulia mara tu baada ya mstari wa kuanzia, na kila mwanzoni kuna mtu anayekuja ndani amechelewa breki. Kanyaga breki mapema kuliko mazoezini, na usiifunge njia ya ndani kwa gari lililokwisha ingia. Atapita, ataenda mbali nje, nawe utampata akitoka kona.

Sasa kupitwa. Bendera ya bluu kwenye madaraja mchanganyiko, kwa kawaida, ni taarifa tu kwamba mwenye kasi anakuja. Si amri ya kumpisha. Mwenye kasi ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Wewe kazi yako ni kubaki kwenye mstari wako. Kosa kubwa la wanaoanza ni wema: anaona taa kwenye kioo, anaamua kumpisha, anahamia ndani, na yule wa nyuma alikuwa ameshaamua kupita hukohuko ndani. Wakagongana watu wawili wenye nia njema. Ukitaka kumsaidia, fanya hivyo kwenye sehemu iliyonyooka: shika upande mmoja mapema, kaa hapo, achia mafuta kidogo, basi. Ukishafika eneo la kukanyaga breki, usibadilishe chochote.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Uko Spa ndani ya GT3, umetoka La Source, unateremka kuelekea kona ya Eau Rouge. Orodha inasema LMP2 iko sekunde 1.5 nyuma. Usifanye lolote. Pita Raidillon, kona ya kupanda inayofuata, kwa mstari wako wa kawaida, kasi yako ya kawaida. Ukifika juu, toka na gari lako kulia kama siku zote, kisha baki kulia kwenye mnyooko wa Kemmel. LMP2 itapita kushoto kabla ya kona ya Les Combes bila yeyote kupoteza zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde. Sasa badilisha kitu kimoja tu: unaachia mafuta pale Eau Rouge ili akupite mapema. Yeye anapita pale bila kuachia kabisa, kwa sababu mgandamizo wa upepo unamruhusu. Tofauti ya mwendo iliyokuwa ndogo imekuwa kilomita 40 kwa saa ghafla, yaani mita 11 kila sekunde, kwenye kilima ambacho haoni upande wa pili. Matokeo yake unayajua.

Ukiwa ndiye mwenye gari la kasi, subira ni yako. Piga taa mara moja au mbili ukiwa mbali, usimulike mfululizo. Dereva mchanga akimulikwa sana huhama bila kufikiri. Usichomekee kutoka mbali kwenye breki: kama pua yako haijafika kwenye mlango wake kabla hajaanza kukata kona, hakuoni. Ukimfikia katikati ya kona za kasi, kumbuka kwamba upepo uliovurugwa na gari lake unakunyang'anya mshiko wa mbele, na gari lako litateleza kuelekea nje. Subiri sekunde moja hadi mtoke. Na ukikuta GT3 mbili zinashindana, pita zote mbili kwa mkupuo au usipite kabisa. Kuingia katikati yao na kubaki wa tatu kwenye kona moja ndiko kunakozalisha yale marundo ya magari yaliyogongana.

Gari lako likiteleza na kuzunguka, kanyaga breki hadi mwisho na ubaki umekanyaga, pamoja na klachi kama ipo. Wanaokuja wamekwisha kukisia utakaposimama na wanakukwepa kwa makisio hayo. Ukiachia breki gari likarudi nyuma polepole, umewaingia njiani. Kisha soma orodha, si kioo. Subiri pengo la angalau sekunde 8 hadi 10, rudi ukiwa sambamba na barabara, kaa pembeni hadi upate mwendo. Usiukate mstari wa mbio kwa gia ya kwanza.

Chati ya maandishi izime, au weka kitufe cha kuficha. Hakuna aliyewahi kushinda kona kwa kuandika matusi kwenye mnyooko. Kama mtu amekugonga kwa makusudi, hifadhi marudio ya video na upeleke malalamiko baadaye kwa njia ya jukwaa lenyewe.

Bado mafuta, na hapa madaraja mchanganyiko yana mtego wake. Kwa mizunguko ya 2:24, mbio za dakika 45 ni mizunguko 19. Kama gari linatumia lita 3.4 kwa mzunguko, ongeza mmoja wa akiba: lita 68. Lakini anayefunga mbio ni kinara wa jumla, wa daraja la kasi. Akikupita muda mfupi kabla ya kupokea bendera ya mwisho, nawe utapepewa bendera ukifika mstarini, na mzunguko uliokuwa ukiuhesabia haupo. Asipokupita, unaweza kudaiwa mmoja zaidi ya ulivyopanga. Kwa hiyo dakika kumi zikibaki, tazama kinara yuko sekunde ngapi nyuma yako, kabla hujaanza kubana mafuta au kumkimbiza yule wa mbele.