KOTOR II: instoli TSLRCM vizuri kwanza, ndo uje tubishane kuhusu Kreia

Wakuu, kila nikikuta watu wanabishana kuhusu KOTOR II (Star Wars: Knights of the Old Republic II), au kuhusu Kreia, yule bibi anayekufundisha humo, ni yale yale. Mmoja anasema mwisho wa ile gemu ni upuuzi mtupu haueleweki, mwingine anaapa hakuna stori ya Star Wars iliyoandikwa vizuri kama ile, wanatoana povu weee mpaka usiku wa manane na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu cha kwanza kabisa, we umecheza ipi? Maana zipo mbili, na mara nyingi wote wawili wako sahihi, ila kila mtu anaongelea gemu yake.

Kwa wageni kidogo. KOTOR ya kwanza walitengeneza BioWare ikatoka 2003, ya pili wakapewa Obsidian, ikatoka kwenye Xbox Desemba 2004 na kwenye kompyuta Februari 2005, yaani walipewa mwaka na vimiezi tu kumaliza gemu kubwa vile. Matokeo yake vipande vizima vikakatwa. Ndani ya gemu kuna madroidi ya HK-50 yanakuvizia kila sayari, HK-47, droidi wako mwenyewe, analalamika kwamba kuna kiwanda sehemu kinayatengeneza, we unasubiri, unasubiri, gemu inaisha hujakiona hicho kiwanda. Kule Malachor V kuna sehemu droidi G0-T0 anakikabili kile kidude kidogo cha mwenzako Bao-Dur, maneno yanatoka, halafu basi, hutakaa ujue nini kiliendelea. Sasa utamu uko hapa: sauti, mazungumzo na sehemu kubwa ya hivyo vitu vilibaki mle mle kwenye mafaili ya gemu, vimelala tu. Mashabiki wakaanza kuvichimbua na kuvishona, kazi ya miaka, na mwaka 2009 ndo ikatoka beta ya TSLRCM (The Sith Lords Restored Content Mod), modi, yaani nyongeza ya mashabiki, inayorudisha hivyo vipande, ambayo imeendelea kurekebishwa mpaka ikafika 1.8 na vijitoleo vyake.

Kwa hiyo aliyecheza ya diski mwaka 2005 akaichukia, na aliyeicheza juzi na TSLRCM akaipenda, usiwaweke meza moja bila kuwauliza.

Haya, tuinstoli. Naongelea kompyuta ya Windows. Gemu ipo kwenye simu pia na kwenye Switch, ila kwenye Switch waliahidi kuleta hivyo vipande vilivyokatwa halafu 2023 wakatangaza hawaleti tena, na kwenye simu kuingiza modi ni usumbufu ambao sitaki kukuingiza kwenye guide ya kwanza. Uzuri ni kwamba hizi ni gemu za zamani mno, KOTOR ya kwanza iliandikiwa mashine za RAM ya MB 256, hata ile laptopu ya shemeji inayolia kama jenereta itaendesha.

Kitu cha kwanza ambacho watu wanakiruka: instoli gemu ikiwa safi, iwashe, cheza dakika mbili, zima. Ikigoma hapo ujue tatizo si modi. Na usiiweke ndani ya Program Files kama unaweza, Windows wanalilinda lile folda na programu za modi zikitaka kuandika humo zinakataliwa kimya kimya, unaona imeandika imemaliza kumbe haijagusa kitu. Mimi ninalo folda langu la Magemu kwenye D, mambo yote yanakaa humo.

Pili, na hapa ndo wengi wanapotea: ukiwa na gemu uliyonunua Steam, usichukue TSLRCM kwenye Workshop, ile sehemu yao ya kuchukulia modi. Najua ni rahisi, unabonyeza kitufe kimoja imeisha. Lakini Workshop haiweki modi ndani ya folda la gemu, inaiweka kwenye folda lake pembeni (ukitafuta namba 208580 utalikuta), sasa siku ukitaka kuongeza modi nyingine inayotumia TSLPatcher (programu ya kuingiza modi), ile inaenda kwenye folda la gemu, inakuta dialog.tlk ya zamani, faili la maneno ya gemu, inaandika humo maneno yake, halafu gemu ikiwaka inasoma dialog.tlk ya Workshop ambayo haijui habari hizo. Ndo unaona upanga umepewa jina la dawa au mtu anaongea sentensi ambayo haihusiani kabisa. Kama unataka TSLRCM peke yake na hutaongeza kitu chochote milele, sawa, tumia Workshop. Ila nakujua, utaongeza.

Kwa hiyo nenda Deadly Stream, ndo nyumbani kwa modi za KOTOR, daunlodi TSLRCM kutoka huko (si kafaili kadogo, subiri bando la usiku), iendeshe, itakuuliza gemu iko wapi. Hapo usibahatishe. Kwenye Steam bonyeza kulia jina la gemu ufungue mafaili yake, lile folda lenye swkotor2.exe ndo lenyewe, nakili njia yake ubandike. Ikimaliza ingia folda la Modules, ukiona kuna mafaili yanaishia na .mod ambayo hayakuwepo, imekubali.

Sasa ngoja nieleze gemu inasomaje mafaili, maana ukielewa hapa hutahitaji kumuuliza mtu tena. Gemu ikitaka kitu, tuseme sura ya mhusika au silaha, inaangalia kwanza folda la Override. Ikikikuta humo inachukua, haiangalii kwingine. Isipokikuta inaenda kwenye yale ya .mod, halafu .rim, halafu mafaili yake makubwa ya asili. Ndo maana modi nyingi ndogo ni kutupa faili tu kwenye Override, na ukitaka kuiondoa unalifuta faili, gemu inarudi ilivyokuwa. Mafaili yakae moja kwa moja ndani ya Override, usiyafungie kwenye folda lingine humo ndani. Na ukikuta picha moja ina jina lile lile kwa .tga na kwa .tpc, bakiza moja tu, usiziache zipigane.

Shida inaanzia kwenye mafaili ya .2da. Hizi ni jedwali, mistari na nguzo, kama daftari la mangi la wanaodaiwa. Mfano appearance.2da ndo daftari la sura zote za wahusika, kila sura ina namba ya mstari wake. Modi A inataka kuongeza sura mpya, inaleta daftari lake zima lenye mstari mmoja umeongezwa. Modi B nayo inaleta daftari lake zima. Ukitupa B juu ya A, mstari wa A umekufa, na mhusika aliyekuwa anautegemea anatokea na sura ya mtu mwingine au gemu inaanguka ukiingia eneo lake. TSLPatcher iliundwa kwa ajili hiyo, yenyewe haileti daftari jipya, inafungua lililopo na kuandika mstari chini. Siku hizi kuna HoloPatcher inayofanya kazi hiyo hiyo na inaelewana zaidi na mashine za sasa. Kwa hiyo modi ikija na folda la tslpatchdata, usichomoe vitu humo ukavitupa mwenyewe kwenye Override kwa haraka zako. Endesha patcher. Na uiendeshe mara moja tu, ukiirudia mistari inaandikwa mara mbili.

Mimi mara ya kwanza nilidaunlodi modi kama ishirini hivi, nikazitupa zote kwa mpigo, kila Windows ikiniuliza nibadilishe faili nikabonyeza ndiyo kwa zote. Nikatoka Peragus, eneo la mwanzo, salama, nikafika Telos, kila mtu kituo kizima ana kichwa kile kile. Nilicheka halafu nikaanza upya, saa saba zimeenda.

Mpangilio basi uwe hivi. TSLRCM inatangulia, daima. Ifuate M4-78EP kama unaitaka, hiyo inarudisha ile sayari ya madroidi iliyokatwa, ila kama ni mara yako ya kwanza mi nakushauri uiache, ni kutembea kwingi na kuongea na madroidi yanayozunguka mbuyu, icheze raundi ya pili. Baada ya hapo zije zote za TSLPatcher, moja moja, na kila ikimaliza fungua lile faili la installlog uone kama kuna onyo au kosa, ndani ya folda la hiyo modi pia patcher inakuwekea bakapu ya ilivyovigusa, usiifute. Mwisho kabisa ndo picha za kupendezesha, ngozi, kuta, anga, hizo hazina ugomvi sana. Ukimaliza nakili folda zima la gemu uliweke pembeni. Ndiyo, zima. Siku mambo yakiharibika utanishukuru.

Halafu anza gemu mpya. Usije na sevu yako ya zamani ukalalamika modi haifanyi kazi, sevu inatembea na hali ya maeneo uliyokwisha kuyaingia na vitu ulivyobeba, kwa hiyo ukibadilisha silaha ambayo tayari iko mfukoni, ile ya mfukoni inabaki kama zamani.

Matatizo mawili ya kawaida. Mhusika wako anaganda baada ya mapigano, anageuka tu hatembei: skrini yako inakimbia zaidi ya fremu 60, washa V-Sync au iseti skrini iwe 60. Na kwenye KOTOR ya kwanza ikiwa inaanguka anguka, zima vivuli laini na frame buffer effects kwenye menyu ya picha, ikigoma bado fungua swkotor.ini, chini ya Graphics Options ongeza mstari Disable Vertex Buffer Objects=1. Hayo mawili yanatibu wengi.

Ukitaka kutengeneza ya kwako, usianze na sayari mpya, utakata tamaa wiki ya kwanza. Chukua KOTOR Tool au Holocron Toolset, toa picha ya joho moja la Jedi, ifungue kwenye GIMP, badilisha rangi, isevu kama TGA kwa jina lile lile herufi kwa herufi, tupa Override. Vipimo viwe 512, 1024, 2048, usije na picha ya 700 kwa 900. Imekubali? Basi hamia kwenye faili la .uti, hivyo ndo vitu na silaha, ongeza nguvu ya upanga mmoja uone. Halafu .dlg ambayo ni mazungumzo. Skripti ziache mpaka utakapokuwa umechoka kulala.

Sasa mabishano yenyewe. Ukishauliza mtu amecheza toleo gani, uliza la pili: alicheza mwanaume au mwanamke, na upande wa mwanga au wa giza? Si umbea, gemu inabadilika kweli. Ukiwa mwanaume unampata Handmaiden kwenye meli, ukiwa mwanamke unampata Disciple, kuna watu wamecheza mara tatu hawajui huyo mwingine yupo. Na ule mfumo wa ushawishi, kama hukujenga ushawishi kwa mwenzako hafungui mdomo, kwa hiyo mtu akisema Atton, rubani wako, ni boya hana stori, jua huyo hakuwahi kumfungulia stori yake.

Kuhusu nini ni halali na nini si halali kwenye ulimwengu wa Star Wars, usipoteze nguvu. Disney waliinunua Lucasfilm 2012, Aprili 2014 ikatangazwa kwamba hadithi za ziada za zamani, KOTOR ikiwemo, ni Legends. Kabla ya hapo msimamo rasmi ulikuwa Revan, jina kubwa la hizi hadithi, ni mwanaume na Exile, yule unayemcheza KOTOR II, ni mwanamke, na hilo jina Meetra Surik watu wanalolitaja alipewa baadaye, kwenye gemu halimo. We mcheze unavyotaka, mambo yenyewe yanatokea karibu miaka 4,000 kabla ya filamu, nani atakuja kukagua.

Kitu kimoja tu nakuomba, lile jambo kubwa la KOTOR ya kwanza usilitaje mbele ya mtu ambaye hajacheza. Hata kama limekaa mtaani toka 2003. Kuna watoto walizaliwa baada ya hapo ndo wanaanza leo.

Na Kreia. Wengi wanamchukia kwa sababu walimsikiliza mara moja tu. Ukifika Nar Shaddaa utakutana na ombaomba anakuomba hela kidogo, Kreia akiwa nyuma yako. Sevu kabla hujamsogelea. Mpe hela, sikiliza Kreia anasemaje. Rudisha sevu, mnyime, sikiliza tena. Halafu ndo uje uniambie ungefanyaje.