Somo: jinsi ya kupata herufi nzito na vichwa kwenye faili la maandishi matupu

Wakuu habari zenu. Kuna watu wanahangaika sana, mtu kaandika notisi zake kwenye faili la .txt anataka kichwa kiwe kikubwa na maneno fulani yakolee, anatafuta kitufe wee mpaka anachoka. Faili la txt linatunza herufi tu, halina pa kuandika kwamba neno hili ni zito. Dawa ni kuweka alama ndani ya maandishi yenyewe halafu programu nyingine ndo izisome, na mimi natumia Markdown, aliitoa John Gruber mwaka 2004 na uzuri wake hata usipoigeuza bado maandishi yanasomeka.

Hatua ya 1: fungua Notepad au editor yoyote, andika kama kawaida.

Hatua ya 2: kichwa. Anza mstari na alama ya reli, acha nafasi, ndo uandike:
# Utangulizi
Reli mbili ni kichwa kidogo zaidi, mwisho reli sita. Hiyo nafasi usiiruke, ukiandika #Utangulizi programu nyingi zitakuachia hivyo hivyo na reli yake.

Hatua ya 3: **neno** linakuwa zito, *neno* linalala. Hapa ndo wengi wanakwama, nyota lazima zishike neno, ukiandika ** neno ** zinabaki nyota tu.

Hatua ya 4: orodha ni kistari na nafasi mwanzo wa kila mstari.

Hatua ya 5: kusevu. Kwenye aina ya faili chagua faili zote, enkodingi UTF-8, jina liishie na .md, la sivyo unaweza kukuta notisi.md.txt.

Hatua ya 6: kugeuza. Ukiwa na Pandoc (programu ya kugeuza mafaili) andika hivi kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, faili la Word linatoka na vichwa vyake:
pandoc notisi.md -o notisi.docx

MASWALI

Swali: Mkuu nimebonyeza Enter vizuri kabisa lakini mistari imeungana yote, shida nini?
Jibu: Enter moja haihesabiki. Acha mstari mtupu katikati upate aya mpya. Kama unataka kushuka tu bila aya mpya, malizia mstari na nafasi mbili.

Swali: Nimeandika 5*3*2, nyota zimepotea na 3 imelala!
Jibu: Imedhani unataka mlazo. Weka mkwaju wa nyuma kabla ya kila nyota, 5\*3\*2, zitaonekana.

Swali: Mbona WhatsApp nyota moja tu inakoleza?
Jibu: WhatsApp wana alama zao, nyota moja nzito, _hivi_ mlazo, ~hivi~ inakatwa. Ukihamisha maandishi kwenda kule badilisha kwanza.

Swali: Na rangi je?
Jibu: Markdown haina rangi mkuu. Kama unageuza kwenda HTML (ukurasa wa tovuti) chomeka tagi humo humo:
<span style="color:red">neno</span>
Ukigeuza kwenda Word, rangi utaweka huko huko.