Mrija wa puani: ya kuweka sawa kabla ya kumpa mgonjwa dawa

Ukiuguza mtu kwenye wodi za hospitali za Uganda, Mulago, Arua au Mbarara, unagundua upesi kwamba jamaa ni nusu ya muuguzi. Anapika uji, anafua mashuka, na mgonjwa akiwekewa mrija wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni, haichukui siku nyingi sirinji iko mikononi mwake. Kulisha unajifunza haraka. Dawa ndiyo yenye mitego, na mtego wa kwanza uko duka la dawa.

Ukitumwa kununua nje, mwambie mfamasia kabla hajafunga bahasha: mgonjwa hamezi, dawa inapita mrijani. Huenda akabadilisha anachokupa. Ikiwepo ya maji, chukua hiyo, maana vidonge vingine havisagwi kamwe. Nifedipini ya presha, ile ya kuachia dawa polepole, ukiisaga dozi ya saa nyingi inaingia kwa mpigo mmoja na presha inaporomoka. Diklofenaki ya maumivu, ile yenye gamba, imevishwa hilo gamba makusudi, isiyeyukie tumboni. Vidonge vya lopinavir na ritonavir vya VVU vikisagwa, dawa inayofika mwilini hupungua karibu nusu. Za saratani usiziguse kabisa, vumbi lake linakudhuru wewe. Zinazoruhusiwa, saga hadi ziwe unga laini, ukoroge kwa maji. Na kinu cha karanga kibaki jikoni, tafadhali.

Ukifika kitandani, tazama kwanza alama pale mrija unapoingia puani. Ikiwa imesogea, au mgonjwa ametapika au kukohoa sana, usisukume chochote, hata maji. Muite musawo, yaani daktari au muuguzi wa wodi. Atavuta maji kidogo ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya asidi: pH (kipimo cha asidi) ya 5.5 au chini ya hapo inaonyesha ncha iko tumboni. Karatasi zikikosekana, au kipimo kikipanda kwa sababu mgonjwa anatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, picha ya eksirei ndiyo huamua. Ile desturi ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo ingali hai wodini, na mimi naipinga kila nikiiona: mrija uliopotelea pafuni nao hunguruma vilevile.

Muinue mgonjwa kichwa na kifua, nyuzi 30 hadi 45, na asilazwe chini walau nusu saa baada ya dawa. Maji yawe ya kuchemshwa yaliyopoa. Kwa mtu mzima, mililita 15 hadi 30 kabla, kidogo kati ya dawa na dawa, kisha 30 mwishoni. Mtoto, au mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji, apimiwe na musawo.

Kila dawa ipite peke yake. Usiimwage kwenye uji wa wimbi: uji ukibaki nusu kikombe hutajua amepata dozi kiasi gani, na mchanganyiko huo ndio unaoziba mrija. Fenitoini ya kifafa hutaka chakula kisimame saa moja au mbili kabla na baada yake, nayo siprofloksasini, antibiotiki, haipatani na maziwa. Panga saa za uji na musawo mapema.

Sirinji iwe kubwa, ya mililita 50 au 60. Ndogo husukuma kwa nguvu nyingi hadi mrija ukapasuka. Pale ambapo sirinji maalumu za mrija hazipo na mnatumia za kawaida, bandika plasta iliyoandikwa MRIJA, uiweke mbali na vifaa vya dripu. Mgonjwa mwenye mrija puani na dripu mkononi, umeme ukakatika saa nane usiku, ndiye ninayemhofia kuliko wote: dawa iliyosagwa ikiingia mshipani inaweza kuua. Kabla ya kuunganisha, fuata mrija kwa vidole tangu mkononi mwako hadi puani.

Mrija ukiziba, jaribu maji ya vuguvugu, ukivuta na kusukuma taratibu. Si soda, si waya. Na kabla hujamwachia zamu ndugu yako, andika daftarini dawa gani imepita na saa ngapi.